Punguzo Lisilokuwa Langu

Marahaba. Najua hamjanisalimia bado, nyie vijana mnaoshika fimbo mnadani siku hizi, lakini naitikia mapema ili tusipoteze muda. Mimi ni Luhende, dalali mstaafu wa ng'ombe hapa Shinyanga. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Nilipohesabu mara ya pili nikapata thelathini na mbili, kwa sababu kuna mwaka niliovunjika mguu nikawa napatanisha watu nikiwa kwenye kiti. Huo nao ni mwaka.

Kila mkinikuta mnauliza siri ya kazi. Mnataka kujua ng'ombe aliyenyweshwa maji ya chumvi ili tumbo lijae anatambulikaje. Hiyo nawapa bure: mtazameni ubavu wa kushoto anapotembea, siyo anaposimama. Maji yanacheza, nyama haichezi. Na umri uko kwenye meno, hata kama siku hizi mnasoma hereni sikioni kama mnasoma mita ya luku. Mizani mmeletewa, simu za kulipana mmeletewa, mimi sina neno. Ila mizani haijawahi kumwambia mtu kwamba ng'ombe huyu atalala njiani kabla ya Tinde.

Lakini kosa kubwa kuliko yote niliyofanya katika udalali sikulifanya mnadani. Nililifanya nyumbani kwangu, nimevaa kandambili, na miaka miwili baadaye hakimu akalisoma kwa sauti. Ndilo ninalotaka kuwasimulia, maana kati yenu naona wanaolea watoto waliowakuta kwa wake zao, na naona wenye watoto wao wanaolelewa na wengine. Wote mnanihusu.

Kwanza mnifahamu kikazi. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shija, mtu mfupi, kofia kubwa, maneno machache. Siku ya kwanza aliniambia: "Una mdomo na una fimbo. Ng'ombe si wako, bei si yako. Mtu akiomba punguzo, kamwite mwenye mali." Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama mnavyoniitikia mimi sasa hivi.

Mwezi uleule mama mmoja akaniachia dume lake jekundu, akaenda kunywa uji kwa mama lishe. Akaja mnunuzi wa Mwanza mwenye haraka, lori linanguruma, anasema punguza kidogo nalipa sasa hivi. Nikapunguza. Nikajiona mjanja, nimeuza kabla uji haujapoa. Yule mama akarudi na kikombe mkononi.

"Nani kakuambia nauza bei hiyo?"

"Mama, soko limelala leo."

"Limelala kwako. Huyo dume ni ada ya mwanangu. Soko la ada halilali."

Mzee Shija hakunipigia kelele. Alimwambia tu mama kwamba kijana atalipa tofauti, na kwa kuwa sikuwa na kitu, nikanywesha ng'ombe za watu minada minne bila ujira, fedha inakwenda kwa yule mama. Nilihesabu ndoo. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea. Tangu hapo sikuwahi kupunguza bei bila kumwita mwenye mali. Mnadani, nasema.

Sasa Limi. Limi alikuwa na kibanda cha chai palepale mnadani, na mtoto wa kike wa miaka mitatu, Kabula, aliyekaa juu ya ndoo akihesabu chapati za mama yake. Alikuwa akiruka saba kila mara. Nikaanza kunywa chai zaidi ya mahitaji ya mwili. Wazee wa upande wao waliposema mahari ni ng'ombe kumi na nne, nikafanya kazi ninayoijua, nikawashusha hadi kumi na moja. Limi akaninunia wiki mbili kwa wale watatu niliopunguza. Alikuwa na haki yake.

Baada ya mahari akasisitiza twende bomani tupate cheti. Nikamwambia, mama, ng'ombe kumi na moja hawatoshi? Akasema, "Ng'ombe hawaandiki." Kishikeni hicho cheti kichwani, kitarudi.

Kabula alianza kuniita baba mwaka uleule, na watu wakaanza kuniita Baba Kabula. Baba aliyemzaa alikuwapo, jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa: Masanja, mchimbaji wa Geita, mmoja wa wale wanaofuata kila machimbo mapya yanapotangazwa. Aliondoka Limi akiwa mjamzito. Katika miaka yote ile alituma kitu mara moja, gunia la dagaa, mwaka alioacha maduara, yale mashimo ya dhahabu, akaenda kufanya kazi kwenye mitumbwi Nkome. Dagaa wenyewe nusu mchanga.

Kabula alipokuwa na miaka tisa Limi akaugua muda mfupi, akatutoka. Sitakaa hapo. Nasema tu kwamba siku ya tatu ya msiba Masanja alifika, buti za mpira zimekauka tope jekundu, akakaa mkekani na watu. Watu walipopungua akanisogelea.

"Mzee, yule mtoto ni damu yangu."

"Sikatai. Ila damu haijui darasa lake ni la ngapi."

Akabandua tope kwenye buti. "Kwa hiyo unataka nini?"

Hapo ndipo nilipojiona bingwa. Nikamwambia: wewe usinidai mtoto, mimi sikudai matunzo. Ya nyuma nimefuta, ya mbele nimefuta.

"Yote?"

"Yote."

"Hata sare?"

"Hata sare."

Uso wake ukafunguka kama mtu aliyetuliwa gunia. Vijana, mnunuzi akikubali upesi hivyo, mjue mmetoa kikubwa kuliko mlivyodhani. Nilikuwa nawafundisha watu hilo. Siku ile nilikuwa naogopa kubaki kwenye nyumba tupu, na mtu mwenye hofu hahesabu vizuri, hata akihesabu mara mbili.

Nikaandika karatasi. Nilijua mtindo mmoja tu wa karatasi, ule wa makabidhiano ya mnadani, nikauandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Mtoto wa kike, mmoja. Umri: miaka tisa. Rangi: maji ya kunde. Alama: kovu goti la kushoto. Afya: nzuri, hana ugonjwa wa kuambukiza. Matunzo ya nyuma na ya mbele yamesamehewa.* Tukasaini. Mashahidi wawili, wote madalali. Mtendaji wa kijiji akakataa kugonga muhuri. "Luhende, hii siwezi." Nikadhani anataka soda.

Miaka miwili tuliishi vizuri. Nilijifunza kupika mlenda usiovutika hadi dirishani. Kisha Jumapili moja ikaja pikipiki mpya, na Masanja juu yake, shati jeupe, nywele zimenyolewa. Duara lao lilikuwa limetema dhahabu. Alikuwa ameoa, amejenga Geita, vyumba vinne.

"Nimekuja kumchukua mwanangu, mzee."

"Tuna karatasi."

"Ile nilisaini nikiwa sina kitu. Sasa ninacho."

Hakuwa amelewa, hakuwa mkorofi. Hilo ndilo lililonitisha. Nyuma ya nyumba Kabula alikuwa akisugua sufuria, na sauti ya kusugua ikakoma. Masanja alisema atarudi shule zikifungwa, akaondoka. Kabula akaja mlangoni, mikono ina majivu.

"Baba, nahamishwa?"

Nikachukua kata ya maji nikamnawisha, mtoto wa miaka kumi na mmoja, kama alivyokuwa na mitatu.

Kesho yake nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa binti, namwita Bi. Rehema, ambaye angeweza kuwa mwanangu wa tatu kama ningezaa. Akaniamkia vizuri, akanipa kiti.

"Nataka karatasi ya kwamba mtoto ni wangu," nikasema. "Ni shilingi ngapi?"

Akanitazama kwa muda unaotosha kukamua ng'ombe mmoja.

"Mzee, haiuzwi. Inaombwa. Mahakama ya watoto ndiyo inayoamua mtoto akae na nani. Unamlea, mama yake alikuwa mkeo, una nafasi ya kuomba. Lakini baba yake yupo hai, naye atasikilizwa. Mimi nitakuja kwako kuangalia, niandike ripoti."

"Utakuja siku gani?"

"Sikwambii."

Hapo nikamheshimu. Mnunuzi anayejua kazi hatangazi siku anayokuja kukagua zizi.

Alikuja Jumanne nikiwa nafua sare, povu hadi kwenye viwiko. Vijana, nimewaona wakaguzi wa ng'ombe wa kila aina, sijaona kama yule. Alitazama kitanda cha Kabula, akanyoosha chandarua kuona kama kina tundu. Akafungua madaftari, siyo kuona alama, kuona nani anasaini. Akauliza majirani, akaenda na shuleni. Kisha akanikalisha.

"Akivunja ungo nani atamweleza mambo?"

Nikatazama beseni. "Dada yangu. Nyumba ya pili."

"Umeshamwambia dada yako?"

"Bado. Wewe andika ameshaambiwa, tutamalizana."

"Siandiki kitu ambacho hakijafanyika. Nenda, nakusubiri."

Nikaenda na povu langu. Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Umehesabu pembe za ng'ombe wa mkoa mzima, hili jambo moja la nyumbani hukulihesabu?" Lakini jioni ileile alikuja akamchukua Kabula wakakaa uani, na mimi nikakatazwa kupita.

Kabla ya kuondoka Bi. Rehema aliuliza kama baba wa mtoto anatoa matunzo. Nikasema kwa fahari, sijamdai hata senti, nikamtolea karatasi yangu kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Akasoma. Akakohoa. Akageukia ukutani kidogo.

"Mzee, hii usiipoteze. Hakimu atapenda kuiona."

Nikadhani nimesifiwa.

Siku ya shauri nilibeba kila kitu, halisi na nakala tatu tatu: cheti cha ndoa, cha kifo cha Limi, cha kuzaliwa kwa mtoto, kadi ya kliniki, ripoti za shule. Hilo nawahimiza. Cheti kile cha bomani ndicho kilichonifungulia mlango. Bila hicho ningekuwa mzee fulani anayeishi na mtoto wa watu. Limi alikuwa ameniona mbali.

Shauri la mtoto halisikilizwi mbele ya watu. Ni chumba cha kawaida, hakimu hakuvaa joho. Karani akachungulia kwenye korido akaita, "Baba Kabula!"

Tukasimama wawili.

Karani akatutazama, akamtazama hakimu. "Waingie wote," hakimu akasema. Alikuwa mama wa makamo, miwani puani, kalamu mbili. Akasoma ombi langu, akasoma ripoti, kisha akafika kwenye karatasi yangu. Akaisoma kwa sauti, polepole.

"Rangi, maji ya kunde. Alama, kovu goti la kushoto. Hana ugonjwa wa kuambukiza." Akainua macho. "Mzee Luhende, unafanya kazi gani?"

"Dalali wa ng'ombe, mheshimiwa."

"Sikuwa na haja ya kuuliza."

Masanja akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kilikuwa kiatu kisicho na kamba. Hakimu hakucheka.

"Hapa umeandika umesamehe matunzo. Matunzo ni ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa. Mimi ndiye ninayemlisha."

"Hapana. Chakula anakula nani? Sare anavaa nani? Ni haki ya mtoto, na baba yake ana wajibu huo popote mtoto anapolala. Sasa niambie, huko mnadani mteja akiomba punguzo unafanyaje?"

Nawaambia kweli, nilimsikia Mzee Shija nyuma ya kiti changu, na kofia yake.

"Namwita mwenye mali, mheshimiwa."

"Ulimwita?"

"Sikumwita."

"Basi leo tutamwita. Nanyi wawili mtoke nje."

Kabula akaingia na Bi. Rehema, sisi tukakaa benchi moja kwenye korido, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja. Muda ukapita. Masanja akasema bila kunitazama:

"Mzee, lile kovu la goti lilitokana na nini?"

"Alianguka kwenye mkokoteni. Alikuwa na miaka mitano. Alitaka kuendesha yeye, punda hakutaka."

"Sikujua." Akasugua goti lake mwenyewe. "Anaogopa nini?"

"Bata mzinga."

Akacheka peke yake, kidogo, kisha akaacha. "Mimi nilidhani nikishajenga nyumba, basi, nimemaliza."

Nilikuwa na jibu kali la kumpa. Nililitunza siku nyingi kwa ajili ya siku hiyo. Nikakuta halina kazi tena.

Kabula hajaniambia alisema nini mle ndani, na sijamuuliza. Tulikwenda mahakamani mara tano. Kwa hesabu ya pili ni sita, maana siku moja mvua ilimzuia Masanja tukarudi na nakala zetu. Mwisho uamuzi ukasomwa: mtoto abaki kwangu, baba yake amtembelee na amchukue likizo kwa kuzoeana taratibu, na matunzo alipe kila mwezi kwa kiasi kilichopimwa na kipato chake, hadi mtoto atimize miaka kumi na nane. Karatasi yangu ilibaki ndani ya jalada. Nasikia makarani bado wanaiulizia.

Nilikuwa na furaha ya kutaka kununulia korido nzima soda. Lakini nje Masanja akanivuta pembeni.

"Mzee, sikatai mtoto kubaki. Ila hiki kiasi... Duara halitemi kila mwezi. Sisi ni wanaume wawili, tuelewane. Punguza kidogo."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Mazoea ya miaka thelathini si mchezo. Nikaufunga.

"Mimi dalali tu," nikamwambia. "Mwenye mali yule pale."

Kabula alikuwa ameketi kwenye ngazi anakula karanga za kwenye karatasi. Nikamwita. "Kabula, baba yako anaomba punguzo." Nikamwonya Masanja palepale kwamba amri ya hakimu haibadilishwi kwenye ngazi, akitaka ibadilike arudi mle ndani. Lakini nilitaka aulizwe, kwa kuwa mara ya kwanza hakuulizwa.

Akamtazama yule mtu kuanzia viatu. Akazitazama karanga zilizobaki.

"Utakuwa unatumaje?"

"Kwa simu."

"Bei haipungui," Kabula akasema. "Na usitume kwa simu. Lete mwenyewe."

"Kutoka Geita?"

"Kila mwezi. Jumamosi ya kwanza."

"Na nauli nani analipa?"

"Wewe."

Masanja akanigeukia kuomba msaada. Mimi nilikuwa natazama bati la paa, lilikuwa zuri sana siku ile. Akajipapasa mifuko yote miwili, kisha akasema, "Haya."

Njiani nilimsifu, lakini mwalimu ni mwalimu. Nikamwambia, umefanya biashara nzuri, ila kuna kitu umesahau. Makubaliano yoyote huwekewa tarehe ya mwisho. Hakimu kaweka, wewe hukuweka. Yeye alikuwa anamalizia karanga.

Miezi ya mwanzo Masanja alikuja kama mleta barua: anasimama mlangoni, anatoa, anaondoka. Mwezi wa tatu mvua ikamfungia ndani, akala ugali wetu. Baadaye akaleta dagaa wa Nkome, nikawamimina kwenye ungo mbele yake nione mchanga. "Mzee, hata hilo hujasahau?" Tukakaa tunawachambua wote watatu. Akamfundisha Kabula kutofautisha dhahabu na jiwe linalong'aa tu. Likizo akaanza kumchukua Geita, na mimi nikawa nahesabu siku za kurudi, mara mbili kwa siku.

Fedha tuliandika kwenye daftari, tarehe na kiasi, anasaini Masanja na anasaini Kabula. Mimi sikusaini kitu. Kuna mwezi alikuja mikono mitupu, aibu imemjaa usoni, duara limeingia maji. Kabula akaandika: *Amekuja. Bado anadaiwa.* Akamwekea chakula. Mwezi uliofuata alilipa ya miezi miwili. Hapo sikilizeni vizuri, vijana: deni na kumwona mtoto ni ng'ombe wawili, msiwafunge kamba moja. Fedha ikichelewa, njia ni ofisi ya ustawi na mahakama. Msimfungie mtu mlango. Nami ningeufunga, kama daftari lingekuwa langu.

Mwaka huu Kabula ametimiza miaka kumi na nane. Masanja alileta ya mwisho, wakasaini, nikapiga mstari chini ya ukurasa na kulifunga daftari. Tulipeana mikono. Nilijiambia biashara imekwisha salama, hakuna aliyepunjwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata nilikuwa nimekaa sebuleni, redio iko chini. Nikaona Kabula anapanga sahani mezani. Nikahesabu. Tatu. Nikahesabu tena. Nilikuwa nafungua mdomo kumkosoa, pikipiki ikaingia uani.

Masanja akavua kofia ya pikipiki. Ana mvi siku hizi. Mkononi mfuko wa sato.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amri imekwisha, wewe vipi, umesahau?"

"Ya hakimu imekwisha," akasema, akiweka samaki chini. "Ya huyu haikuwa na tarehe."

Nikamgeukia Kabula. Alikuwa anasogeza kiti cha tatu, hana haraka, kama mtu aliyekuwa na hesabu yake tangu siku ya karanga.

"Sikusahau, baba," akasema.

Tuliitika wote wawili.